Duara Lililopata Nyumba: Historia ya Klabu ya Choro ya Brasília

Tarehe 9 Septemba 1977, wapiga muziki wa mji mkuu wa Brazil waliunda chama chao na kukipa jina la Clube do Choro de Brasília. Mji wenyewe ulikuwa na umri wa miaka 17 tu. Wengi wa wanachama walikuwa watumishi wa serikali waliopiga muziki baada ya saa za kazi. Walichokuwa nacho ni ala zao, tungo mamia kwa mamia walizozihifadhi kichwani, na desturi iliyokuwa imevuka miaka 100: watu huketi duara, mmoja huanza, wengine humfuata, na anayetaka kujifunza husogeza kiti.

Muziki huo huitwa choro, na Wabrazili hulitamka jina hilo "shoro". Ni muziki wa ala, usiohitaji mwimbaji. Filimbi, mandolini au klarineti ndiyo huongoza. Gitaa hujibu kwa besi inayotembea. Kavakinyo, gitaa dogo lenye nyuzi 4, hushika mwendo. Na pandeiro, aina ya tari lenye vibati pembeni, huupa mwendo huo uzito wake. Samba ilipozaliwa, choro ilikuwa tayari mtu mzima. Bossa nova ilipovuma duniani, choro ilikuwa bibi mwenye wajukuu wengi.

Historia ya klabu hii inastahili kusimuliwa kwa kirefu. Ilianza kwa furaha, ikadhoofika hadi ikakaribia kusahaulika, kisha ikasimama tena imara kuliko mwanzo. Na kilichoisimamisha kinajulikana: ilianza kufundisha.

Rio, mji wa magati mawili

Hatuwezi kuielewa Brasília bila kurudi Rio de Janeiro ya karne ya 19. Mwaka 1808 ukoo wa kifalme wa Ureno, ukikimbia majeshi ya Napoleon, ulihamia Rio pamoja na makarani, makasisi na wanamuziki wake. Mji wa bandari ukawa makao makuu ya himaya. Piano zikaingia sebuleni mwa matajiri, na kila dansi lililopendwa Paris na Lisbon likafuata kwa meli. Mwaka 1845 polka ilichezwa jukwaani mjini humo, na haikuchukua muda kabla watu wa tabaka zote hawajaipenda.

Gati jingine la mji huohuo lilipokea watu waliofungwa minyororo. Gati la Valongo lilijengwa mwaka 1811. UNESCO, iliyolitangaza kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2017, inakadiria kwamba Waafrika wapatao 900,000 waliingia Amerika Kusini kupitia hapo. Wengi walitoka Angola na Kongo, lakini wapo waliochukuliwa Msumbiji, kwenye mwambao huuhuu wa Bahari ya Hindi unaopakana na Tanzania. Watu hao na watoto wao walifanya karibu kila kazi ya mji, na muziki ulikuwa mojawapo. Vinyozi weusi, baadhi yao watumwa na baadhi walioachwa huru, walikuwa na bendi zao zilizopiga mbele ya makanisa siku za sikukuu.

Polka ilipofika mikononi mwa watu hao haikubaki polka. Mkazo ulisogezwa, besi ikaacha kusimama ikaanza kutembea, na miguu ikapewa kazi mpya. Biashara ya watumwa kutoka Afrika ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1850, lakini utumwa wenyewe haukukoma hadi tarehe 13 Mei 1888. Kwa hiyo choro ilizaliwa na kukua katika nchi ambamo mpiga filimbi aliye huru angeweza kuketi karibu na mpiga gitaa anayemilikiwa na mtu mwingine.

Anayehesabiwa kuwa baba wa muziki huu ni Joaquim Callado, aliyezaliwa mwaka 1848. Alikuwa mpiga filimbi na mwalimu wa filimbi katika chuo cha muziki cha Rio, na mnamo mwaka 1870 alikuwa akiongoza kundi la filimbi moja, kavakinyo moja na magitaa mawili. Katika kundi la namna hiyo mara nyingi mpiga filimbi pekee ndiye aliyesoma noti. Wenzake walisindikiza kwa sikio, na kiongozi alifurahia kuwatega: angebadili ufunguo ghafla aone nani ataanguka. Aliyesimama imara aliheshimiwa, aliyeanguka alirudi nyumbani kufanya mazoezi. Callado alifariki mwaka 1880 akiwa na miaka 31. Utungo wake "Flor Amorosa" hadi leo ni miongoni mwa tungo za mwanzo ambazo mwanafunzi wa choro hufundishwa.

Watarishi, makarani na wazimamoto

Waliobeba choro baada ya Callado hawakuwa watu wa majumba ya kifahari. Walikuwa watarishi wa posta, makarani wa forodha, wafanyakazi wa reli, askari na wazimamoto. Hao ndio tabaka dogo la mshahara lililokuwa likikua Rio, wengi wao watoto na wajukuu wa watumwa. Walikutana kwenye ubatizo, arusi na siku za kuzaliwa. Mwenye nyumba hakuwalipa fedha. Aliwalipa kwa chakula na kinywaji. Inasimuliwa kwamba mwenzao mmoja alitumwa kuchungulia jikoni, na akikuta meko baridi, kundi zima lilikumbuka ghafla kuwa lina mwaliko mahali pengine.

Tunayajua hayo kwa sababu mmoja wao alishika kalamu. Alexandre Gonçalves Pinto, mtarishi wa posta aliyepiga gitaa na kavakinyo, alichapisha mwaka 1936 kitabu cha kumbukumbu za wapiga choro wa zamani, akawataja mmoja mmoja: alipiga nini, alifanya kazi wapi, alikuwa na tabia gani. Mabingwa wa fasihi wa wakati wake hawakukithamini. Leo hakuna anayeandika historia ya choro bila kukifungua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mtarishi yule alilifungua daftari kabla wenyewe hawajaisha.

Wanawake nao walikuwa na mlango wao, ingawa ilibidi mmoja auvunje. Chiquinha Gonzaga, aliyezaliwa mwaka 1847, bibi yake mzaa mama akiwa mtumwa, alimwacha mume aliyemkataza muziki, akaishi kwa kufundisha piano na kupiga pamoja na kundi la Callado. Mwaka 1877 polka yake "Atraente" ilimpa jina mji mzima. Aliuza tungo zake nyumba kwa nyumba ili kumkomboa mwanamuziki mmoja mtumwa, na mwaka 1885 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza okestra nchini Brazil. Siku yake ya kuzaliwa, 17 Oktoba, sasa ni Siku ya Kitaifa ya Muziki Pendwa wa Brazil.

Anacleto de Medeiros, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, alizaliwa katika kisiwa cha Paquetá mwaka 1866. Mwaka 1896 aliunda bendi ya Kikosi cha Zimamoto cha Rio. Kampuni ya Casa Edison ilipoanza kurekodi sahani za santuri mwaka 1902, bendi hiyo ya wazimamoto ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuingia kwenye kinasa sauti. Huo ulikuwa muziki wa gwaride uliopigwa na watu waliolelewa kwenye duara la choro, na masikio yaliyozoea yalisikia tofauti.

Nyumba ya akina Vianna

Mtu mkubwa kuliko wote katika historia hii ni Alfredo da Rocha Vianna Filho, maarufu kwa jina la Pixinguinha, aliyezaliwa mwaka 1897. Baba yake alifanya kazi katika idara ya simu za maandishi, alipiga filimbi, na alikuwa na nyumba yenye vyumba vingi ambayo wapiga choro waliigeuza kituo chao. Mtoto alilala akisikia filimbi na kuamka akisikia gitaa. Kabla ya kufikia utu uzima alikuwa akilipwa kupiga.

Mwaka 1919 aliongoza Oito Batutas, kundi la watu wanane lililopiga katika ukumbi wa kusubiri wa sinema ya Palais, katikati ya Rio. Matajiri walisimama kuwasikiliza, na magazeti mengine yalilalamika kwamba watu weusi wamewekwa mahali pa heshima. Mwaka 1922, kwa msaada wa tajiri Arnaldo Guinle, kundi hilo lilikwenda Paris na kukaa miezi kadhaa. Baadhi ya waandishi nyumbani waliona aibu Brazil kuwakilishwa na weusi. Paris yenyewe iliwapigia makofi.

Nidhamu ya choro inaonekana vizuri katika hadithi ya "Carinhoso". Choro halisi ilikuwa na sehemu tatu, kila sehemu ikirudiwa, na baada ya sehemu ya pili na ya tatu wapigaji hurejea kwenye ya kwanza. Pixinguinha alipotunga "Carinhoso" akiwa na umri wa miaka 20 hivi, aliipa sehemu mbili tu, akaiweka kabatini kwa miaka mingi kwa kuwa alijua wenzake wangeikataa. Ilirekodiwa mwaka 1928, ikaandikiwa maneno na kurekodiwa na mwimbaji Orlando Silva mwaka 1937, na leo ni kama wimbo wa pili wa taifa. Sheria ya sehemu tatu ililindwa na wapigaji wenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyowawezesha watu wasiofahamiana kuketi pamoja na kupiga bila mazoezi.

Kuanzia miaka ya 1930 redio iliwapa wapiga choro ajira. Kila kituo kilihitaji kundi la kusindikiza waimbaji na kujaza dakika pale matangazo yalipokwama. Kutoka studio hizo walitoka mpiga filimbi Benedito Lacerda, mpiga gitaa la nyuzi 7 Horondino José da Silva aliyeitwa Dino, mpiga mandolini Jacob do Bandolim, na mpiga kavakinyo Waldir Azevedo, ambaye "Brasileirinho" yake ya mwaka 1949 iliuzwa kwa wingi na kuvuka mipaka.

Kisha upepo ukageuka. Kanda za sauti, televisheni, bossa nova na roki ziliyafanya makundi ya redio yaonekane gharama isiyo ya lazima, na wapigaji wakaachishwa kazi. Choro ikarudi ilikotoka, nyumbani kwa watu. Jacob, ambaye mkate wake aliupata kwa kazi ya ukarani wa mahakama, aliwakaribisha wapigaji kwake Jacarepaguá, nje kidogo ya katikati ya Rio. Hapo mgeni aliyeongea wakati muziki unapigwa hakualikwa tena. Jacob alikusanya noti, picha na kanda kwa bidii ya mtu aliyeona mbali, na mkusanyiko wake sasa umo katika Jumba la Makumbusho ya Picha na Sauti la Rio. Alifariki Agosti 1969, siku aliyokuwa amekwenda kumtembelea Pixinguinha. Pixinguinha akafuata Februari 1973, akiwa kanisani kwenye ubatizo.

Mji mpya, muziki wa zamani

Wakati Rio ikizika wazee wake, kilomita karibu 1,000 kutoka hapo kulikuwa na mji usio na kaburi la zamani. Rais Juscelino Kubitschek aliuzindua Brasília tarehe 21 Aprili 1960 kwenye uwanda wa nyanda za juu, ramani ikiwa ya Lúcio Costa na majengo makuu yakiwa ya Oscar Niemeyer. Serikali ilihama, na watumishi wake wakaamriwa kuifuata. Walifika kwenye majengo yanayofanana, barabara pana zisizo na kona ya kukutania, na vumbi jekundu. Mtu aliyezoea kutoka mlangoni na kukuta jirani barazani alikuta uwazi.

Baadhi yao, hata hivyo, walikuja na gitaa. Pernambuco do Pandeiro, aliyewahi kuongoza kundi la redio huko Rio, alihamia. Avena de Castro, aliyepiga zita, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa juu ya meza, na aliyetunga "Evocação de Jacob" kwa heshima ya rafiki yake, alikuwapo. Waldir Azevedo alihamia mwaka 1971. Alikuwa amekwishapata sifa zote ambazo mpiga kavakinyo angeweza kuota, na huko Brasília mashine ya kukatia nyasi ilimjeruhi kidole cha pete cha mkono wa kushoto, mkono wa kubonyezea nyuzi. Wengi waliamini kwamba amekwisha. Alitibiwa, akafanya mazoezi, akarudi kupiga.

Mwaka 1974 alifika mtu mwingine, naye hakuwa Mbrazili wa kuzaliwa. Odette Ernest Dias alizaliwa Paris mwaka 1929, akaja Rio mwaka 1952 kupiga filimbi katika Okestra ya Simfoni ya Brazil, kisha akapata kazi ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Brasília. Alisomea muziki wa Ulaya, lakini alikuwa na unyenyekevu wa kwenda kwa wapigaji wa mtaani na kuuliza. Baadaye aliandika kitabu juu ya Mathieu-André Reichert, mpiga filimbi Mbelgiji aliyeishi Rio enzi za Callado na kufariki mwaka uleule wa 1880. Nyumbani kwake Brasília palikuwa mahali pa kukutania: profesa na karani, kijana wa chuo na mzee wa redio, wote kwenye duara moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kwa kweli wenyeji walipona.

Wakati huo Brazil ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi ulioanza mwaka 1964, na watu wengi walikuwa na kiu ya kitu chao wenyewe. Mwaka 1973 mwimbaji Paulinho da Viola alipanda jukwaani pamoja na Época de Ouro, kundi aliloliacha Jacob, na vijana waliodhani choro imekufa wakaisikia ikiwa hai. Mwaka 1975 klabu ya choro ilianzishwa Rio. Mwaka 1977 televisheni ya Bandeirantes iliandaa tamasha la kitaifa la choro huko São Paulo. Miji mingine nayo ikaunda klabu zake. Katika wimbi hilo duara la Brasília likajiandikisha, na Avena de Castro akawa rais wake wa kwanza.

Serikali ya mji iliwapa mahali: vyumba vya kubadilishia nguo vya Kituo cha Mikutano, nusu yake vikiwa chini ya ardhi. Hapakuwa pazuri kwa macho. Lakini palikuwa na paa, na kwa mara ya kwanza wapiga choro wa mji huo hawakuhitaji kubisha hodi kwa mtu.

Miaka ya ukimya

Furaha hiyo ilikuwa fupi. Waldir Azevedo alifariki mwaka 1980. Avena de Castro alifariki mwaka 1981. Wimbi la kitaifa lilipungua, tamasha za televisheni zikakoma, na klabu nyingi zilizozaliwa katika miaka ya 1970 zikafunga milango kimyakimya. Vyumba vile vya chini ya Kituo cha Mikutano vilichakaa, shughuli zikasimama, na jengo likaachwa wazi kwa waharibifu.

Ni rahisi kuilaumu serikali au ladha ya watu. Mimi naona sababu ilikuwa ndani ya duara lenyewe. Desturi ya kusogeza kiti na kusikiliza ilitosha Rio ya mwaka 1900, ambako mtoto aliishi jirani na mpiga filimbi na kumsikia kila wiki. Mtoto wa akina Vianna hakuhitaji shule. Alizaliwa ndani yake. Katika mji ambao watu wake walikaa mbali mbali na wazee wa fani walikuwa wachache, kusubiri mwanafunzi ajitokeze mwenyewe kulikuwa ni kusubiri kifo. Klabu ya kwanza ilikuwa mahali pa wanaojua kupiga. Walipoondoka wanaojua, pakabaki mahali tu.

Hata hivyo mbegu kadhaa zilikuwa zimeanguka. Miongoni mwa watoto walioletwa kwenye duara na baba zao walikuwa ndugu wawili, Fernando César na Hamilton de Holanda. Hamilton, aliyezaliwa Rio mwaka 1976 na kukulia Brasília, alikuwa akipiga mandolini mbele ya watu akiwa bado mtoto mdogo. Kumbuka jina hilo.

Darasa ndani ya duara

Mwaka 1993 uongozi wa klabu ulishikwa na mwanahabari Henrique Lima Santos Filho, anayejulikana kwa jina la Reco do Bandolim. Alizaliwa Bahia, akapitia muziki wa vijana wa wakati wake kabla ya kuangukia mandolini ya Jacob na kutoiacha tena. Alikabidhiwa jengo lililoharibika na jina lenye heshima. Alifanya kazi ambayo wapiga muziki wengi huikwepa: kuandika barua, kugonga milango ya wizara na mashirika, kueleza kwa mtu asiyejua choro kwa nini choro ni mali ya taifa. Mwaka 1997, miaka 100 tangu kuzaliwa Pixinguinha, klabu ilifunguliwa upya baada ya ukarabati, safari hii ikiwa na ratiba ya maonyesho ya kila wiki, mara nyingi msimu mzima ukitolewa kwa heshima ya mtunzi mmoja.

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1998. Klabu ilianzisha Shule ya Choro ya Brazil na kuipa jina la Raphael Rabello. Jina hilo lilichaguliwa kwa maana. Rabello alizaliwa mwaka 1962, akiwa kijana alimfuata Dino, bingwa wa gitaa la nyuzi 7, akajifunza kwake mpaka akaitoa ala hiyo kwenye kazi ya kusindikiza na kuiketisha mbele ya jukwaa. Alifariki mwaka 1995 akiwa na miaka 32. Katika maisha yake mafupi alikuwa ushahidi kwamba elimu ya mzee wa redio inaweza kukabidhiwa kwa kijana bila kupungua, endapo wawili hao watakutana mapema.

Shule hufundisha mandolini, kavakinyo, pandeiro, magitaa ya nyuzi 6 na 7, filimbi na ala nyingine za kupuliza. Huchanganya njia mbili ambazo zamani zilidhaniwa kuwa maadui. Mwanafunzi husoma noti, kwa sababu hazina ya choro ni kubwa mno kwa kumbukumbu ya mtu mmoja. Hujifunza pia kwa sikio, kwa sababu noti haionyeshi ile hila ya kuchelewesha sauti kidogo au besi ya gitaa inayobuniwa papo hapo. Baada ya darasa huja duara, na duara lina adabu zake. Mgeni hukaa nyuma na kusikiliza kwanza. Tari hupigwa na mtu mmoja kwa wakati. Msindikizaji haifuniki sauti ya anayeongoza. Asiyejua utungo hunyamaza na kuutafuta nyumbani, kisha hurudi juma linalofuata akiwa anaujua. Adabu hizi hufundisha zaidi ya muziki: humzoeza kijana kwamba zamu yake itafika, na kwamba kabla haijafika ana kazi ya kumsaidia mwenzake asikike.

Matunda yalionekana. Hamilton de Holanda, aliyekua pamoja na klabu na kufundisha katika shule yake, aliongeza jozi moja ya nyuzi kwenye mandolini ikawa na nyuzi 10, akaipeleka kwenye majukwaa ya Ulaya, Marekani na Asia. Vijana wengine wa Brasília walifuata, wengine wakiwa wapigaji wa kulipwa, wengi zaidi wakiwa walimu, madaktari na makarani wanaopiga baada ya kazi, kama ilivyokuwa enzi za watarishi. Klabu yenyewe ilipata makao mapya karibu na mahali palepale pa zamani, kwa mchoro wa Oscar Niemeyer. Muziki wa watarishi ukapewa jengo na msanifu aliyechora ikulu.

Mbegu katika miji mingine

Brasília haikuwa peke yake. Rio, mwaka 2000, wapigaji waliokulia katika wimbi la miaka ya 1970, wakiwemo Luciana Rabello, dada yake Raphael, na mpiga gitaa Mauricio Carrilho, walianzisha Escola Portátil de Música, shule ambayo siku ya Jumamosi hujaza uwanja mzima kwa wanafunzi wa rika zote wakipiga pamoja. Mwaka 2015 kundi hilo lilifungua Casa do Choro katika jengo la kale la mtaa wa Carioca, lenye madarasa, ukumbi na hazina ya maandishi ya noti. Nje ya Brazil kuna klabu za choro Paris na katika miji mingine ya Ulaya na Marekani, na zote hufuata utaratibu uleule: viti kwa duara, mwendo wa polepole mwanzoni, na nafasi kwa anayejifunza.

Dola nayo ilifika, ingawa ilichelewa. Sheria ya mwaka 2000 iliifanya tarehe 23 Aprili, siku iliyoaminika kuwa ya kuzaliwa Pixinguinha, kuwa Siku ya Kitaifa ya Choro. Tarehe 29 Februari 2024, taasisi ya urithi ya Brazil, IPHAN, iliitangaza choro kuwa urithi wa utamaduni wa nchi. Nawaheshimu waliosaini hati hizo. Lakini hati haishiki kavakinyo. Mwaka 1977 klabu ilikuwa na barua ya serikali na jengo la serikali, na vyote viwili havikuizuia kunyamaza pale wazee walipoondoka bila warithi.

Hiyo ndiyo hukumu ninayoitoa baada ya kuifuata historia hii kutoka Valongo hadi Brasília. Duara liliizaa choro, redio iliitangaza, santuri iliihifadhi, na serikali iliipa cheo. Kilichoifanya ivuke kutoka kizazi hadi kizazi ni mtu mmoja kuketi na mwingine na kumwonyesha vidole vinakaa wapi. Kila mara kazi hiyo ilipoachwa, muziki ulidhoofika. Kila mara iliporudiwa, ulisimama.

Kwa hiyo, msomaji, kama katika ukoo wako au mtaa wako yupo mzee anayepiga ala ambayo vijana hawaijui, usingoje ajengewe ukumbi wala apewe nishani. Nenda na daftari, nenda na simu ya kurekodia, nenda na mtoto mmoja aliye tayari kusikiliza, umwombe mzee aanze polepole. Klabu ya Brasília ilihitaji zaidi ya miaka 20 kuligundua hilo. Sisi tumekwisha kuambiwa.